Kabla ya kufunika dari za nyumba za zamani, lipieni maandalizi: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makazi

Kwa mawaziri wa nyumba na nishati, wakurugenzi wa halmashauri, mameneja wa mashirika ya nyumba, na kila anayetia saini bajeti ya ukarabati.

YAH: MASHARTI YA KAZI YA KUZUIA JOTO DARINI KATIKA NYUMBA ZA ZAMANI

Waheshimiwa,

Sisi ni mafundi wa paa, dari na umeme. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo inavyoongezeka mipango ya kuweka vizuia joto katika nafasi iliyo kati ya dari na paa, hasa kwenye nyumba za zamani ambazo zilijengwa bila chochote hapo juu. Tunaiunga mkono mipango hiyo bila kusita. Kinachotutia hofu ni mikataba yake. Mkandarasi akilipwa kwa idadi ya mita za mraba za sufi (matandiko laini ya nyuzi yanayozuia joto) alizotandaza, na kisihesabiwe kingine chochote, basi anayekimbia ndiye anayefaidi, na anayesimama kukagua nyaya anakula hasara. Tunaomba jambo moja: maandalizi na ukaguzi viwe na fungu lake katika bajeti, vilipwe kabla ya sufi, na nyumba isiyopita ukaguzi isifunikwe.

Tuanze na joto lenyewe. Bati kuukuu lenye kutu likipigwa na jua la saa saba mchana hufika nyuzi 60 za Selsiasi na kupita. Hewa moto haishuki yenyewe kuja chumbani, maana kawaida yake ni kupanda. Kinacholeta joto chini, kwa sehemu kubwa, ni mionzi isiyoonekana inayotoka upande wa chini wa bati na kuipiga dari. Dari ikishapata moto, nayo inammulikia joto aliyelala chini yake. Ndiyo maana mtu huwasha feni mpaka mwisho na bado akahisi utosi unachomwa: feni inasukuma hewa, haizuii mionzi.

Sasa hesabu. Tuseme darini kuna nyuzi 60, chumbani nyuzi 30, na dari ni jipsamu tupu. Ukijumlisha ukinzani wa jipsamu na wa hewa inayoigusa juu na chini, unapata R, yaani kipimo cha ukinzani dhidi ya joto, ya takriban 0.4 kwa vipimo vya metriki; R ikiwa kubwa, joto linapita kidogo. Gawanya tofauti ya nyuzi 30 kwa 0.4: wati 75 zinashuka katika kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinapokea wati 900, sawa na kuacha hita ndogo ya umeme ikiwaka juu ya kitanda mchana kutwa. Tandaza sufi ya glasi yenye unene wa milimita 100, ambayo ina R ya 2.5 hivi. Jumla inakuwa 2.9, na joto linapungua hadi wati 10 kwa mita, chumba kizima wati 124. Ongeza milimita 100 nyingine, na wati 10 zinakuwa 5.6.

Angalieni tofauti hiyo kwa makini kabla ya kupanga bajeti. Tabaka la kwanza limeondoa wati 65 katika kila mita ya mraba, la pili halifikishi hata 5. Pale ambapo kiyoyozi kinafanya kazi karibu mwaka mzima, tabaka la pili linaweza kurudisha gharama yake. Lakini kwa mradi wa umma wenye fedha zisizotosha nyumba zote, nyumba mbili zenye milimita 100 ni bora mara nyingi kuliko moja yenye 200. Na fedha inayobaki kwa kuacha tabaka la pili ndiyo inayoweza kugharimia maandalizi tunayoyadai.

Hesabu ya pili inahusu mianya. Chukueni dari hiyohiyo ya milimita 100, kisha acheni asilimia 5 tu bila kufunikwa: kona ambazo fundi hakufika, ukingo wa tundu la kupandia, kipande kilichosogezwa na fundi wa antena. Joto linaloingia halizidi kwa asilimia 5. Linazidi kwa karibu theluthi nzima, kwa sababu kila sehemu tupu inapitisha mara saba ya iliyofunikwa. Hivyo anayelipwa kwa mita akatandaza 95 kati ya 100 anadai amekamilisha asilimia 95 ya kazi, na mwenye nyumba amepoteza sehemu kubwa ya alichoahidiwa. Sufi iliyobanwa ni vivyo hivyo: milimita 100 ikikandamizwa ikawa 50 chini ya ubao au mkebe wa rangi, karibu nusu ya nguvu yake imekwenda.

Kuna nchi imeshalipitia jambo hili, na ingekuwa dhambi kurudia makosa yake. Mwaka 2009 Australia ilianzisha mpango wa taifa wa kuweka vizuia joto darini, na nyumba zaidi ya milioni 1 zilifanyiwa kazi kwa muda mfupi. Wafanyakazi wanne, wote vijana, walifariki. Watatu waliuawa na umeme na mmoja na joto la darini. Kati ya wale watatu, wawili walikuwa wakifunga karatasi ya alumini juu ya dari kwa pini za chuma. Nyumba kadhaa ziliungua. Februari 2010 mpango ukafungwa, na mwaka 2014 Tume ya Uchunguzi ya Kifalme ikatoa ripoti yake. Sufi na alumini vilikuwa bidhaa za kawaida zinazotumika kila siku. Kilichokosekana ni muda, mafunzo na mtu wa kusema “hapa tusiingie kwanza”.

Kwa hiyo umeme ndio wa kwanza. Swichi kuu izimwe kabla mtu hajapanda, na izimwe yote, kwa kuwa kuzima sakiti ya taa peke yake hakutoshi: darini hupita waya wa soketi, wa hita ya maji, wa kiyoyozi, na katika nyumba za zamani huwezi kujua nani aliunganisha nini. Kisha testa ithibitishe. Penye paneli za sola, mafundi waelezwe kwamba nyaya zinazotoka kwenye paneli zina umeme muda wote jua linapowaka, hata swichi kuu ikiwa imezimwa, na zisiguswe.

Baada ya hapo fundi umeme mwenye leseni apite na tochi. Katika nyumba za miaka mingi atakuta nyaya zilizovikwa mpira badala ya plastiki. Mpira huo umekwisha kukauka: ukiukunja kidogo unakatika, na shaba inabaki wazi. Waya wa namna hiyo unaweza kukaa miaka mingi bila balaa kwa sababu haujaguswa. Siku utakaposukumwa na bunda la sufi, balaa inaanza. Ubadilishwe, hakuna njia ya mkato. Atakuta pia maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Kila ungio liingie kwenye boksi lenye kifuniko, na mahali pake pawekewe alama ubavuni mwa mbao ili atakayekuja baadaye asipapase.

Waya mzima nao una sharti lake. Waya hupoa kwa kugusana na hewa. Ukiuzika ndani ya sufi, joto lake halina pa kwenda. Viwango vya Uingereza vinaupa waya wa plastiki wa milimita mraba 2.5 uwezo wa ampea 27 ukiwa umefungwa wazi ukutani. Ukilala juu ya dari ya jipsamu chini ya sufi isiyozidi milimita 100, unabaki na 21. Sufi ikizidi milimita 100, ni 17. Ukizungukwa na sufi pande zote kwa nusu mita au zaidi, inabaki nusu tu: ampea 13.5. Sasa fikirini breka ya ampea 20 inayolinda waya huo. Hita na pasi vikiwashwa pamoja, waya unabeba ampea 18 au 19 na breka haikati, maana kwake hakuna kosa. Waya ndio unaoiva polepole ndani ya sufi. Dawa ni kuinua nyaya zipite juu ya sufi, au kuzilaza zikigusa jipsamu na kupunguza ukubwa wa breka, au kubadilisha waya kwa mnene zaidi. Uamuzi huo ni wa fundi umeme, na uandikwe kwenye fomu. Pamoja na hayo, kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kifungwe kwenye kila nyumba inayoingia mradini. Kwa maoni yetu hiki ndicho kifaa kimoja chenye faida kubwa kuliko vyote katika orodha ya manunuzi.

Taa zilizozama kwenye dari zinahitaji jicho la pekee. Zile za halojeni hupata moto wa kuweza kuunguza mbao, na transfoma yake ndogo nayo haipaswi kufunikwa. Ama zibadilishwe kwa taa za LED zilizoandikwa na mtengenezaji kwamba zinaruhusiwa kuguswa na kizuia joto, ama kila moja ijengewe kizingiti cha kitu kisichoungua, chenye nafasi pande zote kama mtengenezaji anavyoagiza. Tunapendekeza kubadilisha, maana kila kizingiti kinachoachwa wazi ni tundu la joto, na mmeona hesabu ya asilimia 5. Polistirini, ile nyeupe ya punje, isitandazwe juu ya nyaya za plastiki kwa hali yoyote: inanyonya kilainishi cha plastiki ya waya na kuiacha ngumu, inayopasuka. Isitoshe, inashika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Asbesto. Nyumba nyingi za karne ya 20 zina vigae, mabati ya saruji au mbao za dari zenye asbesto, na kwa macho huwezi kuitofautisha na saruji ya nyuzi isiyo na madhara. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Kabla ya kazi, kipande kidogo kichukuliwe na mtu aliyefunzwa, kikiwa kimeloweshwa, kipelekwe maabara. Majibu yasipokuja, hakuna kutoboa, kukata, kupiga msasa wala kufagia. Wala msikubali paa hilo lioshwe kwa mashine ya maji yenye nguvu ili lipakwe rangi, kwa sababu vumbi lake litasambaa hadi kwa majirani. Kuna pia nyumba zilizomwagiwa darini punje nyepesi za vemikulaiti, madini ya kuzuia joto, zenye rangi ya kijivu au dhahabu na mng'ao. Zile zilizotoka katika mgodi wa Libby, Montana, nchini Marekani, uliofungwa mwaka 1990, zilikuwa zimechanganyika na asbesto. Anayezikuta darini ashuke, afunge tundu, aite wataalamu.

Popo na njiwa wanaonekana jambo dogo mpaka fundi anapougua mapafu. Kinyesi kikavu cha popo kinaweza kubeba vimelea vya fangasi vinavyopanda na vumbi. Kilowekwe kwanza, kikusanywe na mtu mwenye barakoa ya kuchuja vumbi, kisha matundu yazibwe kwa wavu wenye macho yasiyozidi milimita 6. Yasizibwe wakati popo wana watoto: wataoza ndani.

Halafu maji. Sufi iliyolowa haizuii joto, inaozesha mbao na kuitia dari uzito. Misumari ya mabati ikaguliwe mmoja mmoja, kwa kuwa mpira wa chini ya kofia yake hukauka na kukatika mapema kuliko bati lenyewe. Dalili ni rahisi: mstari wa kahawia kwenye ubao wa kenchi, chini ya msumari. Lakini si kila tone ni la mvua, na hapa wakaguzi wengi hukosea. Usiku wenye mbingu safi, bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Hewa yenye unyevu ikiligusa kwa ndani, umande unajikusanya na kudondoka alfajiri. Mwenye nyumba ataapa kwamba paa linavuja wakati hakuna mvua iliyonyesha wiki nzima, na hasemi uongo. Paa likiezuliwa kwa sababu yoyote, hiyo ndiyo nafasi ya kupitisha karatasi maalumu chini ya mabati, ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi, na ncha yake ya chini iishie kwenye mfereji wa maji ili umande uteremke nje.

Baada ya hayo kuna uzito wa kupima. Sufi ya glasi ya milimita 100, yenye kilo 12 kwa mita ya ujazo, ina kilo 1.2 tu kwa mita ya mraba, na karibu kila dari inaibeba. Nyuzi za karatasi zinazopulizwa kwa mashine, unene wa milimita 150, zinafika kilo 6, uzito unaokaribia wa jipsamu yenyewe ya milimita 9. Dari ambayo tayari imetumbua tumbo katikati ya mbao haitavumilia. Iongezewe mbao na skrubu kwanza, au itandazwe sufi nyepesi.

Matundu kati ya chumba na dari yazibwe kabla ya sufi, kwa sababu sufi haizuii upepo. Zibeni pale mabomba yanapopita, pale nyaya zinaposhuka ukutani, juu ya makabati ya ukutani, na pembeni mwa masanduku ya taa. Silikoni au mastiki inatosha kwa upenyo mdogo. Penye bomba la moshi litumike bati na saruji inayostahimili moto, na povu la kopo lisitumike hapo. Tundu la kupandia lipewe mfuniko wenye ubao wa kizuia joto wa milimita 50 uliogundishwa mgongoni, na utepe wa mpira kuzunguka ukingo. Feni ya bafuni inayotapika mvuke darini ipewe bomba litokalo nje ya paa. Yote haya kwa nyumba ya kawaida ni kazi ya siku moja ya mafundi wawili, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye ankara ya mita za mraba.

Sasa ndipo sufi. Kwa dari ya mita za mraba 90, agizeni mita 90 kamili bila kutoa sehemu ya mbao. Asilimia 8 hivi inayochukuliwa na mbao ndiyo itakayofidia vipande vya kukata. Mbao za milimita 50 zikipangwa kila milimita 600, nafasi iliyobaki ni 550: kata kwa upana wa 560 hadi 570 ili kipande kijishike chenyewe bila kujikunja. Nyumba za zamani hazina nafasi zinazolingana, kwa hiyo kila nafasi ipimwe, na hilo lihesabiwe katika muda wa kazi. Mbao za dari zikiwa na kina cha milimita 75 tu, ni vizuri kuweka tabaka mbili za 50, ya pili ikipita juu ya mbao kwa kukingamana na ya kwanza, kwani inafunika viungo vyote. Kwenye ukingo wa paa, sufi iishie juu ya ukuta wa nje lakini isiguse bati. Acheni njia ya hewa ya milimita 25 hadi 50, ikilindwa na kipande cha ubao mwembamba ili upepo usiisukume sufi nyuma. Hapo ukingoni ndipo panapoachwa tupu kuliko kwingine, kwa sababu fundi anapaswa kulala kifudifudi kupafikia. Mkaguzi aangalie huko kwanza.

Karatasi ya alumini inastahili maelezo marefu kidogo, maana katika nchi za joto ina nguvu kubwa na inawekwa vibaya karibu kila mahali. Bati lenye kutu hutoa karibu asilimia 90 ya mionzi ambayo kitu chenye joto lile kinaweza kutoa. Alumini safi hutoa asilimia 5 au chini ya hapo. Ikifungwa chini ya mikono ya kenchi, uso unaong'aa ukitazama chini, inapata moto lakini haiumwagi moto huo juu ya dari. Sharti ni kuwe na hewa mbele ya uso unaong'aa, angalau milimita 25. Alumini inayogusana na jipsamu au iliyobanwa na sufi haizuii mionzi yoyote, inageuka kipande cha chuma kinachopitisha joto. Na uso unaong'aa usitazame juu ukiwa umelazwa darini: vumbi linatua juu yake na kuumaliza. Zaidi ya yote, alumini ni chuma na inapitisha umeme. Isitandazwe kamwe juu ya mbao za dari mahali nyaya zinapopita. Ikae juu, kwenye kenchi, mbali na nyaya, na umeme uwe umezimwa wakati wa kuifunga. Tungeomba sharti hili liandikwe kwa herufi nzito katika kila zabuni.

Povu la kupuliza chini ya mabati au vigae vya zamani hatulipendekezi, ingawa wauzaji wake watawajia na picha nzuri. Linaficha uvujaji mpaka mbao zioze, linashikamana na vigae kiasi kwamba kubadilisha kimoja ni kubomoa, na kemikali zake zinamdhuru anayelipuliza bila kifaa kamili cha kupumulia.

Hewa ya darini iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu 1 ya tundu kwa sehemu 300 za dari, nusu chini kwenye ukingo wa paa na nusu juu karibu na kilele. Kwa mita za mraba 90 hiyo ni mita ya mraba 0.3 ya uwazi halisi, baada ya kutoa eneo linalozibwa na wavu. Matundu yakiwa upande mmoja tu, fanyeni mara mbili. Lakini msiuziwe matundu kama mbadala wa kizuia joto. Yanatoa unyevu na sehemu ya hewa moto, ila mionzi haibebwi na upepo.

Kwa nyumba zenye kiyoyozi katika hali ya unyevu kuna onyo moja zaidi. Karatasi ya plastiki isiwekwe juu ya dari chini ya sufi, hata kama kijitabu cha maelekezo kilichotoka nchi ya baridi kinasema hivyo. Huko mvuke hutoka chumbani kwenda nje. Hapa hutoka nje, unapenya sufi, unakuta plastiki iliyopozwa na kiyoyozi na kugeuka maji juu ya jipsamu. Mabomba ya hewa baridi yanayopita darini nayo yavikwe kizuia joto chenye ngozi isiyopitisha mvuke, na viungo vyake vifungwe kabisa, la sivyo yatatiririka jasho.

Zipo nyumba ambazo hazina nafasi ya mtu kuingia, au ambazo nyaya zake ni mbovu na fungu la kuzibadilisha halipo. Msizilazimishe kuingia kwenye hesabu ya sufi. Paa likiwa la bati, lisafishwe, kutu ikwanguliwe, rangi ya msingi ipakwe, kisha tabaka mbili za rangi nyeupe ya paa. Nyeupe mpya inarudisha karibu asilimia 80 ya mwanga wa jua, na hata ikichakaa kwa vumbi na ukungu bado inabaki karibu na 60, hivyo ipangiwe kuoshwa. Kazi yote inafanyika nje, hakuna anayegusa waya. Kwa nyumba nyingi za mabati tungeanza na hiyo kabla ya jambo lolote.

Wenye nyumba nao waambiwe ukweli. Kizuia joto kinazuia pande zote mbili: joto lililoingia kwa madirisha mchana nalo litachelewa kutoka usiku. Pazia la nje au kivuli juu ya dirisha la magharibi, na madirisha kufunguliwa jua likishazama, ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Anayeahidiwa kwamba sufi peke yake itaipoza nyumba atakuja kuwalaumu ninyi.

Kuhusu ukaguzi, hauhitaji mitambo mikubwa. Kipimajoto cha kawaida cha hewa, na kile cha kuelekeza kwa mkono kinachopima joto la uso, vinatosha. Siku ya jua kali, kati ya saa nane na saa tisa mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, mkaguzi apime hewa ya chumba kisha uso wa dari mahali pasipopungua kumi, pamoja na kona zote nne na kuzunguka kila taa. Kwa hesabu tuliyotoa juu, dari tupu inaizidi hewa kwa nyuzi 12 au zaidi, na iliyofunikwa vizuri kwa nyuzi 2 hivi. Palipozidi nyuzi 4 pana mwanya, na fundi arudi. Darini ziachwe rula za kuonyesha unene, moja kwa kila mita za mraba 25 hadi 30, zipigwe picha pamoja na maboksi ya umeme. Kwenye mfuniko wa tundu kibandikwe cheti kinachotaja aina ya sufi, unene, R, tarehe, na jina la fundi umeme aliyeruhusu nyumba ifunikwe.

Malipo yafuate mpangilio huo. Fungu la kwanza lilipwe kwa fomu ya maandalizi iliyojazwa, hata kama jibu lake ni kwamba nyumba isifunikwe. Fundi aliyesema hapana kwa sababu ya msingi amefanya kazi na anastahili ujira. Fungu la pili lilipwe baada ya sufi kutandazwa na kupimwa mchana. Robo ibaki mpaka mvua za kwanza zipite na mkaguzi apande tena na tochi kutafuta mstari wa kahawia.

Mkataba usitaje idadi ya nyumba kwa siku. Darini huanza kutokalika kabla ya saa nne asubuhi. Kazi ianze alfajiri, watu wawili wawili, mmoja akiwa kwenye tundu akimwona mwenzake muda wote, maji ya kunywa yakiwa karibu, na kushuka kila baada ya nusu saa. Anayesimamisha kazi kwa sababu ya joto asikatwe ujira wa siku hiyo.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa paa, dari na umeme